Sauti yenye inatangulia ya babu mu kaseti: ni mapepo ao ni bande?

"Jambo yaya. Niko Bukavu, huku Kadutu. Tangu mwaka jana nafanya albamu ya nyimbo 9 mu chumba yangu, usiku, na telefone na orodinatere moja ya kizee. Napiga lulanga ya babu, ile ala ya uzi, naimba kwa kunongona, niliweka mvua inapiga ku manjanja, niliweka tena babu mwenyewe, mu kaseti ya zamani anatusimulia hadisi ya zimwi, nikapunguza mwendo. Wimbo wa 4 kuna makelele ya mutu analia kwa woga, ni mimi mwenyewe. Wimbo wa 6 niliweka milio ya masasi yenye nilirekodi siku ile mu dirisha. Nilitaka albamu yenye inaogopesha sawa hadisi za usiku. Sasa iliogopesha kupita vile nilitaka. Mu kaseti, mbele babu aseme neno, kuna sauti ndogo inalisema kwanza, ni kama mutu yuko nyuma yake. Na chini kabisa kuna lugha yenye haijulikane. Pasta alisikia, akasema ni mapepo, mama anataka nifute yote na kaseti ichomwe. Rafiki wa studio yeye anasema tuondoe makelele yote, turudilie nyimbo zikuwe safi. Tena tangu namiksa na kaske, sikio ya kushoto inalia ngiiii, na usingizi imepotea. Nifute? Nisafishe? Ao kweli kuna kitu mule ndani?"

Mudogo wangu, jambo, na pole ya hizi usiku zote zenye haulale. Mbele ya kitu ingine yote: kaseti isichomwe. Leo, si kesho, ichukue, angalia ule ukingo wenye bande haipiti, ku kona utaona bipande bidogo bibili bya plastiki, vunja byote bibili na kisu. Pale hakuna radio itaweza kurekodi kitu ingine juu ya sauti ya babu bila kutaka. Kisha iweke fasi kavu, mbali ya bafle, juu bafle iko na sumaku ndani. Mama umuombe wiki mbili, mwambie kama hautamuonesha ile sauti inatoka wapi mutarudia kuongea. Na umuombe kwa heshima, juu mama haiko adui wa muziki yako, alisikia sauti ya mufu inatoka mu chumba ya mutoto wake usiku wa manane, nani asingeogopa.

Uliuliza bitu bitatu na ukabifunga pamoja: kama kuna kitu mu kaseti, kama albamu isafishwe, na mambo ya sikio na usingizi. Mi nitabitenganisha, juu jibu ya moja haiko jibu ya ingine.

Tuanze na ile sauti yenye inatangulia. Naijua. Nimeisikia mu kaseti za redio, za kwaya, za mahubiri, ata za arusi. Bande ya kaseti ni plastiki nyembamba yenye ilipakwa unga wa chuma wenye unashika sumaku, ile ya dakika 90 iko na unene wa mikroni 12 hivi (mikroni ni milimita moja ukigawanya mara elfu), ya dakika 120 ni mikroni 9 tu. Sasa ile bande ikizungushwa, kila muzunguko unalala juu ya mwenzake, wanagusana, na kama kaseti imekaa miaka mingi mu sanduku bila kupigwa, fasi yenye babu alisema kwa nguvu inaacha alama yake kidogo ku muzunguko wa juu na ku muzunguko wa chini. Sumaku inaambukiza jirani. Njo maana neno moja linasikika mara tatu: mara ndogo mbele, mara ya kweli, na mara ndogo nyuma, lakini ile ya nyuma haisikike sana juu babu tayari anaendelea kuongea na sauti yake inaifunika. Ile ya mbele inaanguka mu kimya, kwa hiyo sikio inaikamata. Na vile inasema neno lilelile, na sauti ileile, bongo inatafuta mutu: nani huyu anajua babu atasema nini?

Usiniamini tu, pima. Bande ya kaseti inapita na mwendo wa sentimita 4,76 kwa sekunde. Muzunguko wenye uko karibu na kati ya kaseti uko na urefu wa sentimita 7 hivi, ule wa inje kabisa unafika 15 ao 16. Gawanya: fasi bande ilikuwa imelala karibu na kati, ile sauti itatangulia babu kwa sekunde 1 na nusu hivi, fasi ilikuwa imelala inje itatangulia kwa sekunde 3 na kidogo. Fungua fishie ya kaseti yenye haujapunguza mwendo mu Audacity, programu ya bure, tafuta fasi mitano sita babu anaanza neno kwa nguvu kisha kimya, andika muda kati ya ile sauti ndogo na neno la kweli. Ukiona ule muda unabadilika polepole kuanzia mwanzo wa upande mupaka mwisho, bila kuruka, ni muzunguko wa bande njo unaongea. Fanya hii mbele ya mama. Muachie mama mwenyewe ashike saa.

Ile lugha yenye haijulikane nayo nafikiri nayijua, na utaicheka kwa furaha ukiipata. Kaseti, tangu Philips waliionesha Berlin mu 1963, iko na bande ya upana wa milimita 3,81 tu, na ile upana inagawanyika mara mbili: nusu moja ni upande A, nusu ingine ni upande B yenye inaenda mwelekeo mwingine, juu unaigeuza. Kama kichwa cha radio yenye ulitumia kimesogea kidogo, ata sehemu ya milimita, kinasoma upande A na kinaiba kidogo ya upande B. Na upande B, ukiwa unapiga A, inasomwa kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Kwa hiyo unasikia batu banaongea ao banaimba kinyume. Sauti ni ya mutu kabisa, pumzi ni ya mutu, lakini maneno inameza kwanza kisha inalipuka, hakuna lugha ya duniani inasikika vile. Kata ile fasi, igeuze mu Audacity ianze ku mwisho, pandisha sauti. Pengine utapata kwaya, ao habari za redio, ao babu yuleyule mu hadisi ingine yenye haujasikia bado. Geuza tena kaseti, piga upande B kawaida, tafuta fasi ileile. Ukizikuta zote mbili zinafanana, kazi imekwisha.

Hapa niweke neno juu ya hii mambo ya kusikiliza muziki kinyume, juu mu makanisa na mu mitandao inazunguka sana. Mu 1985 bachunguzi babili ba Canada, Vokey na Read, balipatia batu sauti zenye ziligeuzwa, bakaona hakuna mwenye anakamata maana yake. Lakini mutu akiambiwa mbele "sikiliza, hapa inasema hivi", anaisikia, na baada ya pale hawezi tena kuacha kuisikia. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kuna neno kweli, mupe mutu mwenye hajaambiwa kitu, asikilize yeye peke yake, aandike. Siko nabishana na pasta juu ya mambo ya roho, ile ni kazi yake na mi sina mamlaka mule. Mi naongea ya bande, na mambo ya bande inapimika.

Sasa tukuje ku albamu, juu naona umesahau kitu kimoja: ulitaka kuogopesha na umefaulu. Ule woga haukutoka mu hewa, uliujenga, na ni muzuri ujue uliujenga na nini, bila hivyo hautaweza kuuongoza.

Babu mwenye ulipunguza mwendo. Mutu mume wa kawaida, kutoka ku koo mupaka ku midomo, iko na njia ya pumzi ya sentimita 17 hivi, na ile urefu njo inapatia sauti mwili wake, inaambia sikio huyu ni mutoto, huyu ni mama, huyu ni muzee munene. Ukipunguza bande nusu ya mwendo, si note peke yake inashuka, ata ule mwili unaongezeka mara mbili, sikio inasikia njia ya sentimita 34. Hakuna mutu wa vile. Bongo inajua bila kufundishwa kama mwenye anaongea si mutu, lakini maneno ni ya mutu, na tena ni ya mutu mwenye unapenda, na pale katikati ya kupenda na kukataa njo woga unaingilia. Programu zingine zinashusha note lakini zinachunga mwili wa sauti, njo maana batu banajaribu kufanya sauti ya zimwi na telefone inatoka mutu mwenye ana usingizi tu. Wewe ulifanya na bande yenyewe, ulichagua vizuri ata kama haukujua sababu.

Na munongono wako na lulanga, hapa nikae kidogo, juu hii njo kitu kikubwa uko nacho na nafikiri haujui ukubwa yake. Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi, kuna muziki wa zamani wa inanga ya kunongona. Inanga na lulanga ya Bashi ni ndugu, ubao wenye ulichimbwa na uzi moja yenye inapita inarudi. Muzee anapiga inanga na anasimulia kwa kunongona, na munongono, mudogo wangu, hauna note, ni pumzi tu yenye midomo inachonga. Lakini ukisikiliza unaapa kama mutu anaimba melodia. Ni inanga yenye inapiga note wakati uleule, na sikio inaziunganisha, inampa mutu note za uzi. Cornelia Fales, mwana-etnomuzikoloji, aliandika vizuri sana juu ya hii mu 2002. Kwa hiyo msikilizaji wako anasikia mutu anaimba na wakati uleule anasikia hakuna mutu anaimba. Hii woga haikutoka mu filme ya Marekani, ilikuwa kwetu mbele ya filme. Usiiharibu: lulanga na munongono bikae fasi moja, pale katikati, usitupe moja kushoto ingine kulia, usiweke mwangwi ku munongono peke yake, byote bipite mu chumba kimoja, bila hivyo sikio itabitenganisha na itabaki mutu mwenye anapiga uzi na mwingine mwenye anapuliza hewa.

Labda watakuambia tena, kuna wenye banasemaka, kama woga inatoka mu sauti za chini zenye hazisikike, chini ya Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde). Ilianza sana na Muingereza Vic Tandy, mwenye aliandika mu 1998 juu ya kazini kwake fasi batu balikuwa banaona kivuli, akakuta feni moja inatetemesha hewa karibu Hz 19. Ni hadisi nzuri ila haikugusi. Bafle ndogo ya telefone haina nguvu ya kutoa sauti ya chini vile, ata Hz 100 inaishindaka. Na sisi ba Goma tunakaa chini ya Nyiragongo, volkano yenye inatoa zile sauti za chini na bafundi banaipima nazo, na tunalala.

Wimbo wa 4, ule wa kulia. Mu 2015 Luc Arnal na David Poeppel na benzao balionesha kama mulio wa mutu mwenye anaogopa kweli unatofautiana na kelele ya kawaida kwa kitu moja: nguvu yake inatetemeka haraka sana, mara 30 mupaka 150 kwa sekunde, na bongo iko na njia ya haraka ya kujibu ile mutetemo, ata alarme zinaitumia. Kwa hiyo ule wimbo haupitie ku akili, unapita ku mwili. Unaruhusiwa kuutumia. Lakini uko nao kwa dakika ngapi? Mwili ukipigwa kila mara unaacha kuogopa na unaanza kuchoka, na mwenye anachoka anazima. Mi ningeacha mulio moja tu mu wimbo yote, mufupi, na ningeshusha kidogo kati ya Hz 2000 na 5000, juu pale njo sikio ya mutu inasikia kali kupita fasi zote, na pale njo itaumiza benye kaske.

Wimbo wa 6, masasi. Hapa nitakuambia wazi: ondoa. Najua ulirekodi mwenyewe, ni ushuhuda, na siko nasema ushuhuda ufutwe, uchunge fasi salama na tarehe yake. Lakini mu albamu ya hadisi usiiweke. Zimwi la babu linaogopesha juu msikilizaji anajua haliko, anakubali kuogopa, njo mapatano ya hadisi tangu bazee. Sasi haina mapatano. Sauti ya ghafla vile inakaza misuli ya mutu mbele ata afikiri, na mwenye aliishi ile vita kweli, mwili wake unaweza kuruka zaidi na kubaki vile usiku muzima. Goma mu mwezi wa 1 wa 2025, Bukavu mu mwezi wa 2, batu balilala chini ya bitanda na batoto. Utamupatia huyu mutu ile siku tena, mu kaske, bila kumuuliza? Kama moyo wako unakataa kuiondoa kabisa, basi weka onyo mu jina ya wimbo na mu maandishi ya albamu, mutu achague. Lakini mi ningeweka kimya fasi ile. Mvua ya ku manjanja ikatike ghafla, sekunde 4, 5, kisha irudi. Kila mutu wa kwetu ataelewa, na hautamuumiza mutu.

Rafiki wa studio hakosei yote. Kuna makelele yenye haina hadisi, kama ile mungurumo wa umeme, Hz 50 na 100 na 150, ile iondolewe bila huruma. Lakini fuuu ya bande ni kitu ingine. Ginsi programu ya kusafisha inafanya: unaionesha fasi hakuna mutu anaongea, inajifunza sura ya makelele, kisha inaitoa kila fasi. Sasa fikiri, munongono ni nini? Ni hewa bila note. Fuuu ni nini? Ni hewa bila note. Programu haitajua tofauti, itakula fuuu na itakula munongono wako, na penye inabakisha utasikia milio midogo midogo inabubujika sawa maji mu bomba. Nimeona kazi nzuri imeharibika vile. Ku kaseti ya babu unaweza kupunguza dB 4 ao 6 (dB ni kipimo cha nguvu ya sauti), si zaidi, ili maneno yake isikike. Ku munongono wako usiguse. Tena ile fuuu inafanya kazi: sikio mu fuuu inaanza kutafuta, na yenye inatafuta inapata, ata fasi haukuweka kitu. Albamu ikikuwa safi kabisa, msikilizaji hana tena fasi ya kutafuta.

Na ile ya kurudilia yote mu studio, sikiliza. Mu 1952 Hugh Tracey, mwenye alikuwa anarekodi miziki ya Afrika, alimukuta mupiga-gitare Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akamurekodi gitare yake na mashini yenye alikuwa anasafiri nayo, na zile rekodi bapiga-gitare ba dunia muzima banazisoma mupaka leo. Mu mwezi wa 1 wa 1982 mwimbaji wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi nyimbo nyumbani kwake na mashini ya kaseti ya piste 4, akajaribu kuzirudilia na kundi lake mu studio, na ku mwisho albamu Nebraska ikatoka mwaka uleule na ile kaseti ya nyumbani. Na mu kundi Konono N°1 ya Kinshasa, Mawangu Mingiedi alitengeneza mikro za likembe (ile ala ndogo ya funguo za chuma yenye inapigwa na vidole) na sumaku za bipande bya magari ya zamani, na ile kukwaruza ya bafle ikakuwa sehemu ya muziki yenyewe. Likembe zetu zingine ziko na tupete twa chuma ku funguo ili zilie zzz, bazee balitaka ile zzz. Lakini nikuambie na upande mwingine, juu si vizuri kujificha nyuma ya neno "lo-fi" (muziki wenye ulirekodiwa bila usafi wa studio): kama maneno yako haisikike juu mikro ilikuwa mbali, ao lulanga ilipasuka juu telefone ilizidiwa bila wewe kutaka, ile si mutindo, ni makosa, na ile irudilie. Jiulize fasi kwa fasi: haya makelele niliyachagua, ao ilinikuta? Yenye ilikukuta na ukaipenda, ichunge. Yenye ilikukuta na inakusumbua kila ukisikiliza, mulipe rafiki yako saa mbili akusaidie ku zile fasi tu.

Kuna jambo la familia. Sauti ya babu ni yako na si yako peke yako. Mbele ya kuitoa inje, keti na mama na bajomba, ao ba baba bakubwa, bapigie kaseti kawaida, mwendo wa kawaida, hadisi kutoka mwanzo mupaka mwisho. Basikie babu mbele basikie zimwi. Kisha baeleze nini unataka kufanya na uombe ruhusa. Bakikubali, andika jina yake ku albamu sawa musimuliaji. Bakikataa ile ya kupunguza mwendo, nafikiri ubasikilize, unaweza kusimulia hadisi wewe mwenyewe na kupunguza sauti yako, na babu akae ku wimbo wa mwisho na sauti yake ya kweli. Utapoteza kitu, sitakudanganya, sauti yako haina ule uzee. Lakini kuchapa albamu na mama analia mu chumba ingine ni bei kubwa.

Sasa sikio, na hapa naongea sawa fundi, si sawa mupiga-muziki. Kaske usiku kucha ni hatari. WHO (shirika la afya la dunia) na ITU (shirika la mawasiliano la dunia), mu kipimo chao cha 2019, banaweka dB 80 kwa saa 40 mu wiki kwa mutu mukubwa, na ukipandisha dB 3 tu, muda unapungua nusu. Mwenye anamiksa munongono anapandisha sana ili asikie, kisha mulio wa wimbo wa 4 unakuja na nguvu ileile. Acha kaske kabisa siku saba. Usiingize kotontije mu sikio. Kama ile ngiiii haijaisha pale, na tena juu iko ya upande moja tu, nenda ku daktari wa masikio, ORL, usingoje albamu ikamilike. Na kama siku moja ukiamka sikio moja imeziba ao haisikie ghafla, nenda siku ileile ao kesho yake, juu ile kuna dawa yenye inasaidia mapema na kuchelewa kunaifanya isisaidie.

Usingizi: usimikse saa mbili za mwisho mbele ya kulala, na usimikse sauti ya babu usiku, ifanye mchana, mulango wazi. Kuendelea kusikia kipande ya wimbo ao munongono wakati usingizi unakukamata, ile inafikia batu mingi benye banafanya kazi na sauti na haiko ugonjwa. Lakini kama unasikia sauti mchana, kaseti imezimwa, sauti yenye inakuita jina, inakuamuru, ao inakutukana, ao kama umepitisha usiku nyingi bila kulala kabisa, usibaki peke yako na hiyo na usiingoje ipite. Pale Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, banapokeaka batu na mambo ya vile kila siku, nenda na mutu mwenye unaamini. Kama maombi ya pasta yanakutuliza, endelea nayo, hayazuie daktari, na daktari hazuie maombi. Na ile kazi ya masasi, ulisikiliza ile rekodi mara ngapi ukimiksa? Hiyo peke yake inaweza kuiba usingizi.

Mbele ya kupiga kaseti tena, iangalie ku mwangaza. Huku ku Ziwa Kivu hewa ni nyevu, na ukiona unga mweupe ku bande, ni ukungu, usiipige, itachafua kichwa cha radio na itakwaruza bande. Ile inasafishwa na mutu mwenye anajua. Kama ni safi, pangusa kichwa cha radio na alkoli kali, ya 90 kwenda juu, ngoja ikauke, zungusha kaseti mbele na nyuma mara mbili tatu bila kuipiga, hii inapunguza kidogo ile sauti yenye inatangulia, kwa hiyo kama unaipenda, irekodi kwanza mbele ya kuzungusha. Uirekodi WAV, bit 24, kHz 48, nakala moja yenye hautagusa kamwe na ingine ya kufanyia kazi.

Kile kichwa chenye kimesogea usikikaze mwenyewe na turnavisi kama haujawahi, kavisi kale kadogo kakizunguka vibaya utapoteza ata sauti ya juu ya babu. Leta kwa fundi wa radio-kaseti muzee, Bukavu bado bako, ao ukipanda bwato kuja Goma tutaifanya pamoja. Na uliza nyumbani kama ile radio yenye babu alirekodia bado iko mu ghala, ata kama imekufa, uilete, juu kichwa chenye kilirekodi njo kinajua angle yake. Albamu nayo nitumie, nataka kuisikia, lakini isiwe kwa audio ya WhatsApp, itume sawa dokima, juu WhatsApp inabana sauti na munongono njo kitu cha kwanza inakula.